Mwalimu Obadiah Ochoki na Mlango wa Nyumba ya Mwanawe

Kamati ya mazishi iliusoma wasifu huu kabla haujachapishwa, ikausifu kwa lugha yake, kisha ikapendekeza kwa heshima kwamba sehemu inayohusu mwaka wa 2019 ifupishwe iwe sentensi moja: "Marehemu alipitia changamoto za ulezi kama mzazi yeyote." Mjane, Mama Persis Bonareri, alikuwa kando akichambua mboga huku akisikiliza. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mkitoa hiyo, toeni na jina lake, mzike sanduku tupu." Sehemu hiyo imebaki. Mwenye kuona aibu na aone, familia imetangulia.

Mwalimu Obadiah Ochoki Mogire alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji hiki, upande wa juu wa Birongo, Kisii, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Manasseh Mogire na marehemu Mama Esnah Kemunto. Mama Esnah alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa kimya, mkunga akamzaba makofi ya mgongoni hadi akalia, na tangu hapo hakunyamaza tena. Waliosoma kwake watakubaliana na Mama Esnah.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1964. Kisa kinachokumbukwa zaidi cha enzi zake za shule kilitokea mwaka wa 1971 kwenye baraza. Ofisa wa serikali alikuwa akihutubia kwa Kiswahili na mkalimani akitafsiri alivyopenda. Obadiah, kijana wa miaka kumi na minne, alisimama katikati ya wazee akamsahihisha mkalimani. Babake alimzaba kofi hapo hapo kwa kukosa adabu. Ofisa naye, kwa sababu ile ile, alimlipia karo ya muhula mmoja. Familia haijawahi kukubaliana ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomjenga. Alimaliza sekondari mwaka wa 1975, akaingia chuo cha ualimu na kutoka na cheti cha P1 mwishoni mwa 1978.

Kabla ya hapo, Desemba ya 1967, alikuwa ametahiriwa pamoja na vijana wa rika lake, na kama ilivyo desturi yetu, akahamia kwenye esaiga, nyumba ya wavulana waliokwisha kupashwa tohara. Aliishi humo na binamu zake wawili. Babake hakukanyaga ndani, kwa kuwa baba haingii nyumba ya mwanawe. Ni jambo la heshima, na asiyelijua si wa huku. Lakini babu yao, Mzee Nyakundi, hakufungwa na mwiko huo, na aliingia kila jioni. Alikaa motoni akachoma mahindi, akauliza nani alikuwa wapi na nani, na alipopewa jibu asilolipenda alimvuta mhusika karibu akamnusa mdomo. Mzee Nyakundi hakuwa na nadharia yoyote kuhusu malezi ya vijana. Alikuwa na pua.

Mwalimu Ochoki aliajiriwa Januari 1979. Alifundisha Kiswahili na Sayansi katika shule za msingi za upande wa Mosocho, baadaye Nyamira, na mwishowe hapa nyumbani, ambako aliteuliwa naibu wa mwalimu mkuu mwaka wa 1998. Alistaafu Machi 2017 na kugundua, kama walimu wengi, kwamba mdomo hauna umri wa kustaafu. Akawa mhadhiri wa makanisa na mabaraza. Mada yake ilikuwa moja: "Chanzo na Kinga ya Uhalifu wa Watoto Katika Jamii." Vyanzo vilikuwa saba. Cha kwanza kilikuwa simu, cha pili Nairobi, cha tatu bangi, cha nne sinema za kigeni, cha tano kulelewa na mzazi mmoja, cha sita uvivu, cha saba serikali. Kinga nazo zilikuwa saba, na zote zilikuwa za kutekelezwa na mtu mwingine.

Alimwoa Persis Bonareri wa upande wa Nyamira siku ya Jumapili, tarehe 23 Desemba 1984. Alimposa kwa maandishi, kwa mtindo wa andalio la somo: shabaha, vifaa, hatua za utangulizi, na tathmini. Persis, aliyekuwa ameanza biashara ya ndizi katika soko la Daraja Mbili, aliirudisha karatasi hiyo ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, alama sita kwa kumi, na maoni: "Mwanafunzi aje mwenyewe." Alienda. Mungu aliwajalia Emily, Linda na Manasseh, na baada ya watu wa nyumba hii kudhani hesabu imefungwa, akaja Ronny, tarehe 3 Juni 2003.

Ronny alitahiriwa Desemba 2012, akiwa na umri wa miaka tisa, kwa kuwa siku hizi tunawatahiri kabla hawajajua kufua soksi. Kama desturi inavyotaka, akajengewa nyumba yake. Ilikuwa ya mabati, chumba kimoja, upande wa chini karibu na njia, na ilikuwa na kufuli. Hakuwa na binamu wa kuishi naye. Binamu walikuwa wamehamia mijini. Kakake Manasseh alikuwa Nairobi. Babu yake, Mzee Manasseh, alikuwa amelala kaburini tangu 2009. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu aliambiwa kuwa yeye sasa ni mwanamume, akapewa ufunguo, na hakuna mtu mzima aliyeingia mle ndani kwa miaka sita. Mamake alimpelekea chakula hadi mlangoni. Babake alipita mbele ya mlango huo akienda kufundisha watu wengine kulea. Sehemu ya desturi inayomkataza baba kuingia tuliitunza vizuri sana. Sehemu iliyomtaka babu aingie hakuna aliyekumbuka kuuliza imekwenda wapi.

Mwishoni mwa 2018 vitu vilianza kupotea kijijini. Kuku kwanza, kisha paneli ya sola, kisha Januari 2019 amplifaya ya kanisa pamoja na maikrofoni na waya wake. Kanisa lilifunga na kuomba. Mama Persis, ambaye pia alikuwa amefunga, aliongea na mumewe wakipukuchua mahindi. Mazungumzo hayo ameyasimulia mwenyewe na kutaka yaandikwe.

"Baba Emily, kule kwa Ronny kunalia muziki mzito kuliko wa redio."

"Vijana ni muziki."

"Nenda uangalie."

"Niende wapi?"

"Uingie."

"Mama Emily, wewe umeolewa hapa miaka thelathini na ngapi? Umeona wapi baba akiingia nyumba ya mwanawe? Nitawaangalia watu na macho gani?"

"Na hayo uliyo nayo sasa yanaona nini?"

Mwalimu alisema mahindi yana unyevu, yaanikwe tena.

Siku ya Sabato, tarehe 9 Februari 2019, alialikwa kutoa mhadhara wake baada ya ibada. Mzee wa kanisa aliomba radhi kwamba chombo cha sauti kimeibwa, hivyo mhadhiri atatumia koo lake. Mwalimu alilitumia. Watu wanasema hawajawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, na yeye mwenyewe alikuja kumwambia mkewe kwamba alikuwa akishindana na muziki aliokuwa akiusikia kichwani. Alipofika chanzo cha tano, kulelewa na mzazi mmoja, alitazama benchi la nyuma, alipokaa Beverlyne Moraa, mjane, muuza mitumba wa Daraja Mbili, na mwanawe Jasper wa darasa la nane. Hakutaja jina. Mwalimu mzuri huacha pengo darasa lijaze lenyewe.

Darasa lilijaza. Jumapili ya tarehe 17 Februari, Jasper alionekana akichunga mbuzi wa mamake karibu na kinu cha posho. Mbuzi huyo alikuwa amefungwa kwa waya mweusi mrefu, na kijana mmoja wa bodaboda akautambua kuwa ni ule wa maikrofoni. Jasper alisema ameuokota mtoni. Hakuna aliyetaka kusikia habari za mto. Kipigo kilianza pale pale, na mtu akatumwa amwite Mwalimu Ochoki, kwa kuwa huku kwetu hata kumpiga mtu kunahitaji mwenyekiti.

Wengi wa waliohudhuria mazishi haya walikuwa kinuni siku hiyo. Wachache sana wanakumbuka kuwa walikuwapo.

Mwalimu alifika akakuta mtoto amekalishwa chini, shati limechanika, damu ikimtoka sikioni. Mtu alikuwa ameleta tairi na kuliegemeza ukutani, kama mtu anayepanga kusafiri lakini bado hajaamua. Jasper alimwona akamwita.

"Mwalimu, aki si mimi. Niliokota tu. Mwalimu, waambie. Wewe si unanijua?"

"Mwizi ni mwizi!" sauti moja ilipiga kelele kuliko nyingine zote. "Choma huyo! Si aliibia Mungu?"

Mwalimu aliijua sauti hiyo. Ronny alikuwa amesimama mstari wa mbele, ameshika fimbo. Alipoona babake anamtazama, aliangalia mbuzi. Mtoto anayekwepa macho ya mwalimu lilikuwa jambo ambalo Mwalimu Ochoki alikuwa amelizungumzia katika mihadhara mingi, chini ya kichwa "Dalili." Sasa alisimama nalo uso kwa uso, na kwa muda ambao Mama Persis anasema ulikuwa mrefu kuliko ndoa yao, akabaki akilitazama lile tairi.

Ni Mama Persis aliyesema. Alikuwa amekuja mbio kutoka shambani na matope miguuni.

"Mwalimu. Huo muziki umeusikia. Ingia ile nyumba."

"Nyumba gani?" mtu akauliza.

"Anaijua."

Mwalimu aliwaambia watu wasimguse mtoto, wamfuate. Waliteremka hadi kwenye ile nyumba ya mabati, umati mzima, Jasper akiwa amebebwa na mamake aliyekwisha kufika akilia bila sauti. Mlangoni, Mzee Okemwa, ambaye ni mkubwa wa ukoo na yuko nasi hapa leo, alimshika Mwalimu mkono.

"Obadiah, usiingie. Hiyo ni mwiko, unajua. Hapa kuna vijana tele. Tuma mmoja aingie akuangalilie, wewe ukae nje na heshima yako."

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea. Ilikuwa halali, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwalimu aliifikiria, alikiri baadaye kwamba aliifikiria sana. Kisha akasema, "Nikimtuma mtu, nitasema ni yeye ameviweka vile vitu humo."

Akachukua jembe, akavunja kufuli, akaingia.

Alikaa ndani muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona chumba kimoja. Amplifaya ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa sweta ya shule. Paneli ilikuwa ukutani ikifanya kazi. Palikuwa na harufu ambayo Mzee Nyakundi angeinusa akiwa bado barabarani. Lakini Mwalimu alimwambia mkewe kuwa si hivyo vilivyomchelewesha. Kilichomchelewesha ni kwamba hakuwa akijua kitanda cha mwanawe kimeelekea upande gani, wala kwamba mtoto huyo alikuwa bado analala na taa ikiwaka.

Alitoka amekumbatia amplifaya mikononi. Alisema, "Mwacheni mtoto wa Beverlyne. Mwizi ni wangu." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, "Na nilijua."

Umati uliisha haraka. Kila mtu alikumbuka ng'ombe wake. Ronny hakukimbia, alibaki pale na fimbo, kama mtu aliyesahauliwa baada ya mchezo. Babake aliichukua fimbo hiyo, na waliobaki walisogea wakijua kinachofuata. Aliitupa kwenye migomba. Akamwambia, "Vaa viatu, twende." Alimpeleka polisi mwenyewe, alasiri ile ile.

Jasper alivunjika mbavu mbili. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri hadi leo. Kuhusu hilo, wazee wa ukoo hawakukaa hata mara moja. Walikaa mara mbili kuhusu mguu wa Mwalimu kuingia nyumba ya mwanawe, wakaamua atoe mbuzi wa kusafisha mwiko aliouvunja. Mwalimu, mtu wa utaratibu, alimnunua mbuzi. Ila badala ya kumpeleka kwa wazee alimpeleka kwa Beverlyne. Beverlyne alitoka akasimama mlangoni.

"Mbuzi ninaye, Mwalimu," alisema. "Nilichokosa siku ile ni kamba."

Alirudi naye. Mbuzi huyo alizeeka katika boma hili na hakuna aliyethubutu kumchinja.

Mahakama ilimweka Ronny chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa miaka mitatu. Mwalimu aliacha mihadhara. Alipoalikwa tena kuzungumzia chanzo cha uhalifu wa watoto alijibu kwamba amekiona, kina mlango mmoja na dirisha dogo. Akaanza jambo ambalo watu walilicheka na wengine bado wanalicheka. Kwa kuwa umri wake ulikuwa wa babu, na babu haruhusiwi tu bali anatakiwa kuingia, alianza kuzizungukia nyumba za wavulana wa kijiji, jioni baada ya jioni, akiwa na muwa au mahindi ya kuchoma mfukoni. Aliingia, akakaa kitandani bila kukaribishwa, akauliza habari za mpira ambao hakuuelewa. Vijana walimwita "Landilodi."

"Landilodi amekuja kukagua nyumba," walisema.

"Kodi yenu ni kuniambia mlikuwa wapi jana," naye akajibu.

Lazima isemwe kwamba haikufaulu kila mara. Wapo waliomfungia nje, na wawili kati yao wako gerezani sasa. Ila wapo wengine waliokaa hapa leo na tai shingoni ambao wanajua aliwakuta na nini, na familia haitawataja. Alianza na nyumba ya Ronny, na hakuwahi kuiruka. Mwaka wa kwanza Ronny hakumwongelesha. Mwalimu alikaa tu, akala mahindi yake, akaaga. Mwaka wa pili Ronny alimuuliza, "Mzee, wewe huchoki?" na Mwalimu akajibu kwamba amechoka tangu 2012. Leo Ronny ni fundi wa umeme mjini Nyamira.

Mwalimu aliugua kisukari kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa 2024 figo zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kisii. Nyumba kubwa iko juu ya mlima, na miguu yake ilipovimba hakuweza tena kupanda. Nyumba ya Ronny iko chini, gari linafika mlangoni. Kwa hiyo tangu Mei mwaka huu alilala huko, kitandani mwa mwanawe, na Ronny akalala chini akimgeuza na kumwosha. Mzee Okemwa alikuja kumjulia hali mara nyingi. Kwa kuheshimu mila hakuingia. Aliwekewa kiti nje, wakaongea kupitia dirishani, kila mmoja akilalamika kwamba mwenzake hasikii.

"Obadiah, ukipona utatoka humo?"

"Nikipona nitakukaribisha."

Alifariki Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, Mama Persis Bonareri. Watoto Emily, ambaye ni muuguzi Nakuru, Linda, mhasibu mjini Kisii, Manasseh wa Nairobi, na Ronny. Wajukuu Ashley na wenzake watano. Ndugu wawili na dada mmoja. Wanafunzi ambao hawezi mtu kuwahesabu. Na nyumba nyingi za mabati katika kijiji hiki zenye watoto ndani na kufuli mlangoni, ambazo kuanzia jioni ya leo hazina wa kuziingia.

Beverlyne Moraa na mwanawe Jasper wako hapa. Mama Persis alikwenda kwao wiki iliyopita kumuuliza Beverlyne kama angependa jambo lolote liandikwe kwenye wasifu huu. Beverlyne alimkaribisha, akampa chai, wakainywa hadi ikaisha. Mgeni alipoinuka ndipo mwenyeji akasema, "Andikeni kwamba nilikuja. Msiandike kwamba nilisamehe. Siku nikisamehe nitawaambia mimi mwenyewe."

Imeandikwa alivyosema. Mwalimu Obadiah Ochoki alale kwa amani, kadiri tunavyoweza kumwachia.